Mzee wa Paxtu hakukubali kumezwa na kiti

Nilipostaafu ualimu, watoto wangu walichanga fedha wakaninunulia kiti. Si kiti hivi hivi, bali kiti kipana cha kuegemea, chenye mito minene na kijistuli cha kuwekea miguu. Siku ya kukileta walikuja na keki, wakapiga picha, wakanieleza kwamba kazi yangu duniani imekwisha na wajibu niliobakiwa nao ni kupumzika. Niliwashukuru kwa dhati, maana watoto wanaomkumbuka mzazi wao ni neema ambayo si kila mtu hujaliwa. Lakini, msomaji wangu, mwaka haukuisha kabla sijang'amua kwamba kiti kile kilikuwa kikinimeza polepole. Nikitaka kwenda shambani naambiwa jua ni kali. Nikitaka kupanda kilima cha nyuma ya nyumba yetu hapa Nakuru nakumbushwa magoti yangu. Nikishika jembe, wajukuu hutumwa kuja kuninyang'anya. Walimu wanne tulistaafu mwaka mmoja katika shule yetu. Wawili tumekwisha kuwazika, na wote wawili walifia vitini mwao, mbele ya televisheni.

Nilikuwa nikiyatafakari hayo mwezi wa Februari mwaka huu, nikiwa nimesimama katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri. Mjukuu wangu ni skauti, na maskauti wana desturi ya kulizuru kaburi moja la hapo kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari. Binti yangu alikuwa amekusudia kuniacha nyumbani kwa hoja kwamba safari ni ndefu na Nyeri kuna baridi. Mjukuu ndiye aliyenitetea. Alisema babu naye alikuwa skauti zamani, na skauti haachwi njiani. Basi nikavaa koti langu, nikaingia garini kabla mtu hajabadilisha nia.

Hakuna mtoto aliyepitia skauti katika nchi hii asiyelijua jina la Robert Baden-Powell. Tulilikariri shuleni pamoja na sheria za maskauti na namna ya kufunga mafundo ya kamba. Aghalabu tulichofundishwa ni habari za jemadari wa vita na mwasisi wa chama, yaani habari za mtu mzima mwenye nguvu zake. Nusu ya pili ya maisha yake, ile aliyoianza akiwa na miaka 53 na kuimaliza kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tulipewa kwa sentensi moja tu: kwamba alifia Nyeri. Nami leo nataka kuisimulia nusu hiyo, kwa sababu ndiyo inayonihusu.

Alizaliwa jijini London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka 1860, naye mama, Henrietta, akabaki na watoto wengi wa kulea. Kaka mkubwa, Warington, alikuwa baharia, na wakati wa likizo aliwachukua wadogo zake baharini kwa mashua, akiwaamuru kama nahodha anavyowaamuru mabaharia wake. Shuleni Charterhouse kulikuwa na kichaka ambacho wanafunzi walikatazwa kukiingia, na yeye aliingia. Humo alijifunza kumnasa sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi, ili walimu wasimgundue. Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi na najua jinsi ambavyo ningemwadhibu mtoto kama huyo. Pamoja na hayo, ni dhahiri kwamba kichaka kile kilimfunza mambo ambayo darasa halikuweza.

Mwaka 1876 alijiunga na jeshi la wapanda farasi nchini India, na kwa miaka 34 maisha yake yakawa ya kambi na vita. Sehemu hii nitaipita haraka, ila si kabla ya kusema jambo moja ambalo vitabu vyetu vya utotoni vililinyamazia. Mwaka 1896, katika vita vya kuwakandamiza Wandebele na Washona walioasi utawala wa Waingereza, aliamuru chifu Uwini, ambaye alikuwa amekwisha kutekwa, apigwe risasi baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi ya haraka. Wakubwa wake walichunguza, wakamwondolea lawama. Miaka mitatu baadaye Makaburu waliuzingira mji wa Mafeking kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Yeye ndiye aliyeulinda mji, na Uingereza nzima ikamshangilia kama shujaa. Lakini ndani ya mji huo mgao wa chakula cha Waafrika haukuwa sawa na wa Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama mjini humo, aliandika shajara ya siku zile. Mwaka 2020 huko kwao Uingereza sanamu yake katika mji wa Poole ilifunikwa kwa mbao kwa hofu ya waliotaka kuiangusha. Mimi siwalaumu waliokasirika. Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani kwamba nimeyasahau nitakapoanza kumsifu.

Mnamo Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea wakapige kambi. Wengine walitoka nyumba za matajiri, wengine walikuwa watoto wa makabwela, na wote walilala katika mahema ya aina moja. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake juu ya uskauti, na kabla hajajua limetendeka nini, vijana wa nchi nyingi walikuwa wakijiundia vikosi wenyewe. Mwaka 1910 aliacha jeshi akiwa na cheo cha luteni jenerali na miaka 53. Alikuwa na pensheni, alikuwa na jina, na hakuwa na mke wala mtoto. Katika desturi zetu, mtu wa umri huo asiye na mke huitwa majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Jamaa na marafiki walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Yamkini naye pia.

Januari 1912 alipanda meli iitwayo Arcadian kwenda Marekani kuhutubia. Ndani ya meli hiyo alikuwamo msichana aitwaye Olave Soames, aliyekuwa akisafiri na baba yake. Walipokuwa wakizungumza waligundua kwamba wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, ila yeye mwaka 1857 na msichana mwaka 1889. Miaka 32 ilisimama baina yao. Olave alipenda mashua, mpira wa tenisi na matembezi marefu, hakupenda karamu za kukaa na kutazamana. Walifunga ndoa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Parkstone, bila kishindo na bila kuwaalika watu wa magazeti. Zingatia jina la kanisa hilo, kwa maana tutalikuta tena.

Fungate yao ndiyo iliyonifanya nimtazame mzee huyu kwa jicho jipya. Bwana harusi wa miaka 55, jemadari mstaafu, mwenye kuweza kulala katika hoteli yoyote aitakayo, alimchukua mkewe mapema mwaka 1913 hadi Algeria, wakatembea kwa miguu na kulala hemani pembezoni mwa jangwa. Wapo watakaosema kwamba alikuwa akimpima. Mimi nadhani alikuwa akimwonyesha nyumbani kwake. Alikuwa amelala nje ya nyumba maisha yake yote, na hakuwa na kwao kwingine kwa kumpeleka mke. Olave aliipenda hali ile, na tangu hapo kambi ikawa mila ya jamaa hiyo.

Watoto walikuja upesi. Peter alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1913, mwaka mmoja kamili baada ya arusi, Heather mwaka 1915, na Betty mwaka 1917. Fanya hesabu, msomaji: baba alikuwa na miaka 60 kitinda mimba alipozaliwa. Haikuishia hapo. Mwaka 1919 dada yake Olave alifariki akaacha mabinti watatu, nao Baden-Powell na mkewe wakawapokea. Hivyo, katika umri ambao wengi wetu tunahesabu vidonge vya shinikizo la damu, mzee huyu alikuwa na watoto sita nyumbani, mkubwa wao akiwa bado ni wa kufungiwa viatu.

Mwaka huohuo wa 1919 walinunua nyumba katika kijiji cha Bentley, wilayani Hampshire, wakaiita Pax Hill, maana yake kilima cha amani, kwa vile vita kuu ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha. Ilikuwa nyumba kubwa yenye vyumba vya kutosha, lakini mwenye nyumba hakulala katika chumba hata kimoja. Kitanda chake kilikuwa roshani, nje kabisa, na huko alilala kiangazi na kipupwe, na theluji ya Uingereza si umande wa Limuru. Aliamka alfajiri, akafanya kazi ya kuandika na kuchora huku nyumba ikiwa kimya, kisha akaondoka na mbwa wake kwenda kutembea kabla ya kifungua kinywa. Akirudi, watoto walikuwa wameamka na siku ikaanza upya. Aliwafundisha kuvua samaki, kufuata nyayo za wanyama, kuwatambua ndege kwa sauti zao. Hakuwa na haja ya kuwahutubia juu ya uskauti, maana walikuwa wakiuona ukiamka, ukivaa viatu na kutoka mlangoni kila siku.

Kuna kisa cha mwaka 1929 ambacho siwezi kukiacha. Maskauti wa dunia walikusanyika Arrowe Park, nchini Uingereza, kuadhimisha miaka 21 ya chama chao, wakataka kumpa zawadi. Wakamwendea Olave kimyakimya kumuuliza mzee anahitaji nini. Alipoulizwa kwa hila, mzee alifikiri sana, akajibu kwamba hakosi chochote, isipokuwa zile kanda za kushikilia suruali mabegani zilikuwa zimechakaa. Maskauti walimpa kanda hizo, na juu yake wakamwongezea gari la Rolls-Royce na nyumba ndogo ya magurudumu ya kufungwa nyuma ya gari, vilivyonunuliwa kwa michango midogo midogo kutoka pembe zote za dunia. Alikuwa na miaka 72. Mtu mwingine angeliweka gari hilo chini ya turubai. Yeye alilifunga ile nyumba ya magurudumu nyuma yake, akapakia jamaa yake na vyungu vyao, wakaenda kulala kandokando ya barabara na misitu.

Safari zilikuwa nyingi hata orodha yake ingechosha. Mwaka 1926 na 1927 alikaa miezi kadhaa Afrika Kusini na mkewe na watoto wao watatu, akitimiza miaka 70 akiwa njiani. Mwaka 1934 aliugua sana akafanyiwa upasuaji, na watu wakadhani sasa atatulia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Australia kwenye jamborii, pamoja na mkewe na mabinti zake, Heather na Betty.

Nisije nikamfanya malaika katika malezi pia. Peter, mtoto wake wa kiume, alikuwa dhaifu wa mwili utotoni, na baba alimtarajia makubwa kuliko aliyoyaweza. Masomo na mafunzo ya jeshi hayakumwendea vyema, na hatimaye, mwaka 1934, alikwenda kuwa polisi katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Nimewafundisha wavulana wengi wenye baba mashuhuri, na nimewaona wakitembea huku wamebeba jina la baba kama gunia la mahindi. Mabinti, ambao baba hakuwadai ushujaa, walitembea wakiwa wepesi. Sijui kama mzee aliliona hilo. Mimi mwenyewe sikuliona kwa mwanangu wa kwanza mpaka alipokuwa mtu mzima.

Tuje sasa Nyeri. Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa amejenga hoteli ya Outspan juu ya bonde la mto Chania, na mwaka 1932 akajenga ile nyumba ya Treetops juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, watu wakae humo usiku kuwatazama wanyama. Baden-Powell alimtembelea mwaka 1935. Hakuwa mgeni kabisa katika sehemu hizi, kwani alikuwa amepita Afrika Mashariki mwaka 1906 akachora picha alizozichapisha kitabuni mwaka uliofuata. Lakini safari hii alikuwa na miaka 78, na aliutazama Mlima Kenya kwa macho ya mtu anayetafuta mahali pa kuketi. Mwaka uliofuata Betty aliolewa na ofisa wa serikali ya kikoloni huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo. Kwa hiyo watoto wawili kati ya watatu walikuwa Afrika. Mwaka 1937, huko Vogelenzang nchini Uholanzi, aliwaaga maskauti wa dunia. Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari wakamwagiza apumzike.

Oktoba 1938 yeye na Olave walihamia katika nyumba ndogo waliyojengewa kwenye uwanja wa hoteli ile. Waliiita Paxtu. Kwa Kiingereza ni mchezo wa maneno, yaani Pax ya pili baada ya ile ya Hampshire. Lakini mimi mwenye lugha yangu, nikilisoma jina hilo, nasikia neno la Kiswahili lenye herufi mbili. Amani tu. Hakuna mengine.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Amri ya daktari ilikuwa kupumzika, na mzee aliitii. Hakuweza tena kupanda milima, wala kupanda farasi. Katika ujana wake huko India alikuwa mwindaji hodari wa nguruwe-mwitu kwa mkuki juu ya farasi, hata mwaka 1883 akashinda kikombe mashuhuri cha mchezo huo na kuuandikia kitabu. Mkuki ulikuwa umekwisha kuwekwa chini zamani, na bunduki nayo. Nyeri alishika kamera na brashi ya rangi. Aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na barazani pake, akiutazama mlima, alichora tembo, twiga, ndege na watu wa sokoni. Siku alizojisikia nafuu walimpakia garini akaenda kuwatazama wanyama mahali walipo, kisha akarudi kuwachora. Kati ya mwaka 1938 na 1940 alichapisha vitabu vitatu, viwili kati yake vikiwa juu ya wanyama na mandhari ya nchi hii. Pimbi mmoja alifugwa humo ndani kama paka.

Naam, mzee huyu naye alikuwa na kiti, tena kiti cha barazani. Lakini kiti hicho kiligeuzwa uso nje. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu Februari. Kiti changu mimi kimegeuzwa kuelekea televisheni.

Sasa, kabla msomaji wa Nyeri hajaniandikia barua, na iandikwe wazi kwamba amani ile ilikuwa na gharama iliyolipwa na wengine. Baraza ya Paxtu ilisimama juu ya ardhi iliyotwaliwa na serikali ya kikoloni, na iliyoizunguka ilikuwa nchi ya Wakikuyu waliosongamana katika maeneo waliyotengewa, wakitembea na kipande shingoni. Chakula cha mzee kilipikwa na mikono ambayo majina ya wenye mikono hiyo hatukurithishwa. Mwezi ule wa Oktoba 1938 alipohamia, huko Tetu, si mbali na hapo, alikuwako kijana aliyekaribia kutimiza miaka 18 kwa jina Dedan Kimathi. Kijana huyo naye alikuja kuujua msitu wa Nyandarua, kila njia yake na kila mto wake, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Elimu ya msituni ni moja: kusoma nyayo, kulala bila paa, kuwasha moto usioonekana. Aliyeifanya mchezo wa watoto na waliofanya ndiyo silaha yao waliishi katika wilaya moja, na sidhani kama walionana. Mjukuu wangu aliniuliza kaburini ni yupi kati yao aliyekuwa skauti wa kweli. Nilimwambia tutalizungumza garini, na garini nikajifanya nimelala.

Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, zikiwa zimebaki siku 45 atimize miaka 84. Alizikwa pale Nyeri kwa heshima za kijeshi, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, jina lilelile la kanisa alilofungia ndoa. Olave alirudi Uingereza mwaka 1942 katikati ya vita, nyumba ya Pax Hill ikiwa mikononi mwa wanajeshi, naye akaendelea kuwatembelea maskauti wa kike duniani kwa miaka mingi mpaka madaktari walipomzuia. Alipofariki mwaka 1977 akiwa na miaka 88, majivu yake yaliletwa Nyeri yakawekwa katika kaburi la mumewe. Mwanamke aliyelala hemani na mume mzee huko Algeria alivuka bahari mara ya mwisho ili alale naye tena nje.

Nyumba ya Paxtu haikukaa tupu. Mwaka 1947 Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simbamarara wala-watu huko India, aliihama nchi hiyo baada ya uhuru wake akiwa na miaka 72, akaja na dada yake Maggie, wakaishi humo. Naye pia alikuwa ameiacha bunduki kwa ajili ya kamera. Usiku mmoja wa Februari 1952, akiwa na miaka 76, alikuwa Treetops akimlinda Binti Mfalme Elizabeth, usiku ambao binti huyo aligeuka kuwa malkia bila kujua kwamba babake amefariki. Corbett alifariki mwaka 1955 na kuzikwa katika makaburi yaleyale. Nilimtafuta nikamwona. Wazee wawili wa baraza moja sasa ni majirani.

Juu ya jiwe la Baden-Powell limechongwa duara lenye nukta katikati. Mjukuu wangu alinieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito, kwamba hiyo ni alama ya njiani ya maskauti, na maana yake ni kuwa aliyeiacha amekwenda nyumbani. Nilikuwa naijua tangu mwaka 1970, lakini nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba ningependa turudi hadi mjini kwa miguu, mimi na yeye, na mama yake atufuate na gari. Binti yangu alinitazama, akatazama viatu vyangu. Hakusema kitu. Tulitembea, tukapumzika mara mbili, na mara zote mbili aliyeomba kupumzika ni mjukuu, au pengine alinihurumia.

Tangu siku hiyo yamekuwapo mazungumzo nyumbani kwetu, mengine yakiwa makali. Daktari wangu amesema magoti yanahitaji kutembezwa, na nimemwomba aliandike hilo kwenye karatasi, naye ameandika. Hema tumeazima kwa mwalimu mmoja wa shule ya mjukuu. Mvua za masika zikikatika, mwezi wa Juni, tutalala usiku mmoja juu ya Menengai: mimi, binti yangu, na wajukuu watatu, mdogo wao akiwa na miaka sita. Binti yangu ameweka masharti ya blanketi nne na chupa mbili za chai, nami nimekubali yote. Kiti nimekigeuza kikatazama mlango.